Muthokoi Haupikwi Jumanne

Ukitaka kumkera mama anayelea mtoto peke yake huku Ukambani, usimtukane. Mpe ushauri wa mapishi.

Mwambie watoto wa siku hizi wanaharibiwa na mayai na indomie. Mwambie zamani watu walikula muthokoi, nzuu na nthooko, na wakazeeka na meno yao. Mwambie ajipange, ati Jumapili apike chakula cha wiki nzima, akigawe kwenye vibakuli, akipange kwenye friji kama faili za ofisi. Mwambie mtoto anayechagua chakula hana shida yoyote, amedekezwa tu, akilala njaa siku mbili atakula hata mawe. Kisha chukua mkoba wako uende zako.

Mimi ni mmoja wa hao akina mama. Naishi Wote, nimeajiriwa, nina mtoto wa miaka mitano mwenye orodha ya vyakula anavyovikubali, na orodha yenyewe inaandikika nyuma ya risiti. Mahubiri haya nimeyapata kwa mashangazi, kwa mhudumu mmoja wa kliniki, na kwa wenzangu kazini ambao wakifika nyumbani wanakuta meza imeandaliwa. Nimeyapata pia kwa nyinyi vijana wa Nairobi mnaokuja ushago Krismasi, mnajipiga picha kando ya sufuria ya susu, halafu mkirudi mjini mnaandika kwamba tumesahau tulikotoka. Yamenitosha. Hili hapa jibu langu.

Chakula cha haraka cha jioni ya siku ya kazi ni hesabu, na mara nyingi ni hesabu sahihi. Ina vitu vinne: muda, moto, maji na mikono. Anayetaka kuona matokeo tofauti kwenye sahani aongeze kimojawapo. Ambaye hana hata kimoja cha kuongeza, anyamaze na ale alichopakuliwa.

Nani alikuwa anatwanga?

Tuanze na muthokoi wenyewe, maana ndio unaopeperushwa kama bendera. Kwa wasioujua, ni mahindi yaliyoondolewa ganda, yakapikwa na maharagwe, kunde au mbaazi. Zamani mahindi yalitiwa kwenye kinu na maji kidogo, yakatwangwa kwa mchi hadi ganda likaachia, yakapepetwa, yakaanikwa. Baadaye yakainjikwa juu ya mafiga, na moto ukachochewa saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Ni chakula kitamu na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na hadithi inayosimuliwa juu yake, kwa sababu katika hadithi hiyo hakuna mtu anayetwanga.

Hebu hesabu mikono iliyokuwa ndani ya chungu kile. Kulikuwa na wasichana wawili wakipokezana mchi. Kulikuwa na aliyekwenda kuni na aliyekwenda mtoni kuchota maji, na ukiujua ukame wa Kitui unajua mto haukuwa nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mama mzee aliyekaa jikoni akisukuma kuni na kumwangalia mtoto wa mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chungu kimoja cha muthokoi hakikupikwa na mtu mmoja. Tunapenda kusema zamani watu walikuwa na muda. Hawakuwa na muda. Walikuwa wengi, karibu wote wanawake, na hakuna aliyewalipa.

Sasa mchukue huyo mama wa leo, umweke kwenye chumba kimoja cha kupanga Wote, Emali au Mwingi. Wale wasichana wa mchi wako shule, na ni sawa wawe shule. Mama mzee yuko kijijini. Mashine imechukua kazi ya kinu, nakubali, kwa hivyo muthokoi uliokobolewa unauzwa sokoni kwa kipimo. Lakini mashine haijachukua kazi ya moto. Moto bado ni saa mbili na zaidi, hata ukirowesha.

Agizo la jumla la mishahara nchini linaruhusu wiki ya kazi ya hadi saa 52 kwa siku sita. Gawanya upate kama saa nane na dakika arobaini kwa siku, kabla hujaongeza mapumziko ya mchana na safari. Tuseme ametoka kazini saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili kasorobo anamchukua mtoto kwa jirani anayemlea. Saa kumi na mbili na robo anafungua kufuli. Mtoto anatakiwa kulala saa mbili na nusu. Hapo katikati kuna kuoga, kuna kuchota maji kama mfereji umekauka, na kuna kazi ya CBC inayotaka gundi, kadibodi na picha ya mnyama wa nyumbani. Muthokoi ukiinjikwa saa hiyo, unaiva mtoto akiwa ndoto ya pili.

Kodi ya maharagwe

Kuna jambo ambalo wahubiri wa kienyeji hawaligusi kabisa, nalo ni bei ya moto.

Januari 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, chini ya Gavana Charity Ngilu. Sababu zilikuwa za maana: misitu ilikuwa inaisha na malori yalikuwa yanaondoka yamejaa. Siwezi kulilia mti uliobaki umesimama. Lakini ukishamwambia mtu aache makaa, umemsukuma kwenye gesi, na gesi nayo ina hadithi yake. Julai 2021 serikali kuu iliirudishia gesi ya kupikia VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata kodi hiyo ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ndipo ilipoondolewa.

Fikiria kodi ile ilimpiga nani jikoni. Yai linataka moto wa dakika tano. Mbaazi kavu zinataka saa moja na nusu. Gesi ikipanda, yai halisikii kitu, ila mbaazi zinaumia. Kila shilingi inayoongezwa kwenye mtungi inakisukuma chakula cha kienyeji mbali na meza na kukisogeza cha dakika tano karibu. Kodi ya gesi ni kodi ya maharagwe. Tuliikusanya miaka miwili, halafu tukamuuliza mama kwa nini mtoto anakula mayai kila siku.

Akamba wana desturi ya kuzipa njaa majina. Ile ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nacho mkononi. Watu walikuwa na pesa mfukoni na madukani hakukuwa na cha kununua. Siko hapa kulinganisha vifo na uchovu wa jioni, maana wale waliteseka kweli. Lakini jina lile hunirudia nikiona debe la mbaazi kutoka nyumbani limekaa chini ya meza tangu Agosti. Chakula kipo, kinachokosekana ni saa ya kukipika.

Friji ya nani?

Wahubiri wa pili ni wale wa kujipanga. Hawa wanaudhi zaidi kwa sababu wanaongea kwa upole.

Pika Jumapili, wanasema, ule hadi Ijumaa. Ushauri huu umeandikwa na mtu mwenye friji. Ndengu zilizopikwa Jumapili, zikaachwa kwenye sufuria katika joto la Kibwezi au Mutomo, Jumatatu jioni zinaanza kutoa povu. Jumanne unazimwagia kuku wa jirani. Na hata mwenye friji anajua stima ya kulipia kwa tokeni inavyoisha usiku bila kuaga.

Na hiyo Jumapili yenyewe mnaijua? Ndiyo siku ya kufua, kanisa, kumsuka mtoto, kwenda kumwona mwaitu kijijini na kurudi kabla matatu hazijaisha. Ukiichukua Jumapili ukaifanya siku ya kupika, umemwambia mtu anayefanya kazi siku sita afanye saba. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba. Nyinyi mnataka kuichukua kwa jina la lishe.

Mtoto anayekataa

Halafu kuna wale wa nidhamu. Ati mtoto wa Mkamba halisi hachagui chakula.

Anachagua. Watoto wa kila taifa huanza kukiogopa chakula kigeni wakishatimiza kama miaka miwili, na wengi hupungukiwa na woga huo kadiri wanavyokua. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alilichunguza jambo hili tangu mapema miaka ya 1980. Aliwapa watoto wadogo vyakula wasivyovijua, vingine mara chache, vingine mara nyingi. Walivipenda zaidi vile walivyoonja mara nyingi. Tangu hapo, ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba mtoto apewe chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hujakata tamaa, bila kumlazimisha.

Sawa. Na sahani kumi zilizokataliwa analipa nani?

Swali hilo aliliuliza mwanasosholojia Caitlin Daniel katika utafiti aliouchapisha mwaka 2016, baada ya kukaa na wazazi wa eneo la Boston na kwenda nao sokoni. Wazazi wa kipato cha juu waliweza kumpa mtoto brokoli, akaitema, wakatupa, wakajaribu tena wiki ijayo. Wazazi wa kipato cha chini walijua vizuri kwamba brokoli ni nzuri. Walichojua pia ni kwamba ikitupwa hakuna nyingine nyuma yake, na mtoto atalala njaa. Kwa hiyo walinunua kile walichokuwa na uhakika kitaliwa. Si ujinga huo. Bima ndiyo inafanana hivyo.

Ukiiondoa Boston ukaweka Kitui mjini, badilisha brokoli iwe nthooko, na hakuna kingine kinachobadilika. Mama anayenunua mayai manne saa kumi na mbili jioni ananunua uhakika. Anajua yataisha. Anajua mtoto atalala ameshiba na yeye mwenyewe atalala. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya mtoto anayeamka saa nane usiku analia njaa aijuaye ni aliyelala naye kitanda kimoja.

Fimbo ya takwimu

Najua kinachofuata. Mtaniletea takwimu za kudumaa.

Zileteni, nami ninazo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitui ilikuwa asilimia 46, sawa na Pokot Magharibi, kiwango cha juu kuliko kaunti zote. Kitaifa idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 18 katika utafiti wa 2022. Ni habari njema, lakini ile 46 haifai kusahaulika, maana karibu nusu ya watoto wa kaunti nzima ni jambo la kukosesha usingizi.

Ila itazameni vizuri kabla hamjaigeuza fimbo. Mwaka 2014 Kitui haikuwa imesahau muthokoi. Haikuwa imevamiwa na indomie. Wengi wa watoto wale walikuwa vijijini, wakila kile hasa mnachosema tumekiacha, pale kilipopatikana. Kilichopungua ni mvua, maji safi, pesa, afya, na aina ya vyakula kwenye sahani, mayai yakiwemo. Naam, yale yale mayai tunayosimangwa nayo. Mtoto mdogo anayepata yai karibu kila siku hajaharibiwa, ana bahati.

Na niseme hili ili mtu asije akasema natetea pakiti. Tambi za chumvi kila usiku si chakula cha kumkuzia mtoto, na anayelijua hilo zaidi ni mama anayezipika. Anazipika siku ambayo hesabu imemshinda. Swali langu ni nani amemsaidia kuhesabu.

Ukambani imeokolewa na haraka

Kinachonichekesha ni kwamba sisi si watu wa kudharau haraka. Tunaiabudu, ila shambani tu.

Tangu miaka ya 1960 watafiti wa Katumani, pale Machakos, walihangaika kutafuta mahindi yanayokomaa mapema ili yaiwahi mvua kabla haijakatika. Mahindi ya Katumani yalilisha Ukambani kwa sababu yalikuwa na haraka. Ndengu za N26, ambazo wakulima wengi wanaziita nailoni, zinasifiwa kwa sababu hiyo hiyo: miezi miwili na kidogo, umevuna. Mkulima anayepanda mbegu ya haraka anaitwa mwerevu. Mama anayepika chakula cha haraka anaitwa mvivu. Mbegu ni ile ile, njaa ni ile ile, ila mmoja anaonekana anapambana na ukame na mwingine anaonekana anakwepa kazi.

Tena hao susu mnaotuletea kama mashahidi walifanya hesabu hii kabla yetu. Mahindi si ya kwetu asilia, asili yake ni bara la Amerika. Kabla hayajatawala, hapa kulikuwa na muvya na mwee, nafaka zinazovumilia ukame kuliko mahindi. Mbona ziliachwa? Sababu moja ni ndege. Mtama na uwele unahitaji mtoto akae shambani kutwa akiwafukuza ndege, na mtoto akaenda shule. Mahindi yana ganda linalojilinda. Wakulima, wengi wao wanawake, walipima mikono iliyobaki nyumbani, wakabadilisha chakula. Hakuna aliyewaambia wamesaliti utamaduni. Leo matokeo ya hesabu yao ndiyo mnayoyaita utamaduni, na hesabu yetu mnaiita uvivu.

Kwa hiyo mnaponiambia chakula chetu kitapotea, nawajibu kwamba chakula hubaki kikiwa na nafasi katikati ya wiki. Chapati ilitoka kwa Wahindi kupitia pwani, ikakaa, leo huwezi kufanya harusi Makueni bila chapati. Muthokoi utabaki kama utapata mahali pa kukaa: Jumamosi, msibani, kwenye mikutano ya ukoo, kwenye kibanda cha anayeupika kwa sufuria kubwa. Jumanne mniachie.

Tunachokula kwetu

Si vizuri kulalamika bila kupakua, kwa hivyo hii hapa wiki yangu. Haina siri.

Jumatatu ni ndengu. Nazichagua na kuziosha alfajiri, naziacha kwenye maji nikienda kazini, nikirudi namwaga yale maji, naweka mapya. Nusu saa hivi zimeiva. Kitunguu, nyanya mbili, karoti iliyokwaruzwa ikapotea ndani. Chapati mbili nanunua kibandani nikipita. Kitui inaongoza nchi hii kwa ndengu, Makueni haiko mbali, na serikali ya Ngilu ilizifanyia kampeni kubwa. Kampeni zote nilizowahi kuzisikia zilikuwa za bei ya gunia. Sijasikia hata moja iliyosema jambo la wazi kabisa, kwamba ndengu ndizo zinazoiva upesi kuliko jamii yote ya maharagwe tunayolima. Wahubiri wa muthokoi wamezikalia na hawajui.

Jumanne ni mayai ya kukaanga na nyanya, ugali, na majani ya kunde yakiwepo, au sukuma. Dakika ishirini na tano.

Jumatano naenda kwa mama wa sufuria kubwa pale kona. Anachemsha mahindi na maharagwe kutwa nzima, anauza kwa kikombe. Nanunua vikombe viwili, nakaanga na viazi vilivyokatwa vidogo. Mbaazi akizipika, nachukua mbaazi.

Alhamisi ni uji mzito wa wimbi au mwee wenye maziwa, na viazi vitamu au ndizi. Mtu akishangaa uji wa usiku, mwambie tumbo halina saa. Maembe yakiwa msimu, kuanzia mwisho wa mwaka, Makueni nzima inanuka maembe na hakuna mtoto anayehitaji kulazimishwa tunda.

Ijumaa ni chipo. Ndiyo, chipo. Mlaji ni mla leo.

Na mtoto wangu huyu mchaguzi, kwake kuna kanuni moja. Kila sahani iwe na kitu anachokijua, na kando yake kijiko kimoja cha kile anachokikataa. Kijiko kimoja, si sahani. Akikigusa sawa, akikilamba sawa, akikiacha nakila mimi. Hakuna vita, na hasara ni kijiko. Nthooko ilichukua kuanzia Februari hadi Juni. Sasa anakula majani yake kama yamesagwa pamoja na viazi, na ukiuliza atakwambia hapendi kunde.

Badala ya ushauri

Basi mnaotaka kweli mtoto wa Wote na wa Mwingi ale vizuri, kazi ipo.

Wa kwanza ni yule mama wa sufuria kubwa. Yeye peke yake ndiye aliyelirudisha lile boma la zamani, moto mmoja kwa familia arobaini. Anapika muthokoi wa watu ambao hawawezi kuupika. Gesi ya nyumba arobaini imeokolewa na kuni za sufuria moja. Na katika miji yetu mingi ndiye anayefukuzwa na askari, sufuria ikipinduliwa mbele ya wateja. Mpeni kibanda, mfereji wa maji, jiko lisilomtia moshi machoni, na leseni asiyoililia. Makueni ilianzisha bima yake ya afya mwaka 2016, kila nyumba ikichangia shilingi 500 kwa mwaka. Ikajenga kiwanda cha matunda Kalamba ili embe lisiozee shambani. Kaunti iliyoweza kufikiria hospitali na embe haiwezi kushindwa kufikiria sufuria ya jioni.

Wa pili ni mwajiri. Dakika thelathini anazomwongezea mtu bila malipo saa kumi na moja jioni, ati malizia hii tu, ndizo dakika za ndengu. Hana haki ya kuzichukua.

Wa tatu ni baba. Mmeona hatujamtaja? Hivyo ndivyo hadithi zote hizi huwa, asiyekuwepo na lake halipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya lishe ya msingi, na pia ya kulelewa na baba na mama wenye wajibu sawa, wawe wameoana au la. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa sheria iliyozuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha mtoto wa nje ya ndoa bila ridhaa yake ilikiuka Katiba. Sheria imeshamwita baba kwa jina. Ni wahubiri wa chakula waliobaki kumtaja mama pekee. Shangazi yangu, nakuheshimu sana, lakini ile siku uliyonipigia kunisema juu ya mayai, namba ya baba yake pia ulikuwa nayo.

Wa nne ni wewe unayesoma hii ukiwa Rongai, Pipeline au Umoja, mwenye dada au binamu huku anayelea peke yake. Ukija Desemba, mlee mtoto siku mbili, apike muthokoi wake akiwa amekaa. Hujawahi kuona mtu akiupika kwa furaha hiyo. Ukiandika tena juu ya sufuria ya susu, andika na majina ya waliotwanga. Na mwisho wa mwezi, ukisikia hamu ya kumtumia resipe, mtumie gesi.